Mwanafunzi "Mzito": Historia ya Kumsaidia Mtoto Mmoja Mmoja katika Shule za Arua na Koboko

Kwetu West Nile mtoto aliyeshindwa kusoma aliitwa "mzito", na neno hilo lilitosha. Mwalimu alilitamka, mzazi akalikubali, mtoto akarudi nyumbani kuchunga mbuzi au kumsaidia mama sokoni. Hoja yangu ni kwamba uzito huo ulikuwa mambo matatu tofauti, na historia ya eneo letu ndiyo iliyoyachanganya hata mwalimu mwenye nia njema asiweze kuyatenga. Yuko mtoto asiyeijua lugha ya darasani. Yuko aliyepoteza miaka ya masomo. Na yuko yule ambaye hata akipewa lugha na muda, herufi bado zinamchanganya. Huyu wa tatu ndiye mwenye ugumu wa kujifunza hasa, na ndiye aliyechelewa zaidi kuonekana.

Sababu ya kwanza ni vita. Idi Amin alipoangushwa mwaka 1979, West Nile ilihesabiwa kuwa nyumbani kwake, naye kwa asili alihusishwa na Wakakwa wa Koboko. Kuanzia mwaka 1980 jeshi la serikali mpya lililipiza kisasi kwa raia; mauaji ya Ombaci, karibu na mji wa Arua, yalitokea Juni 1981 katika misheni ambamo watu walikuwa wamekimbilia usalama. Watu wengi mno walivuka mpaka kuingia Sudan na Zaire. Waliporejea katika miaka iliyofuata, darasa moja liliweza kuwa na mtoto aliyezoea Kiarabu cha upande wa Yei, mwingine aliyeanza shule kwa Kifaransa upande wa Aru, na wa tatu mwenye miaka kumi na miwili ambaye hakuwahi kushika kalamu. Wote walikaa mbele ya ubao uliojaa Kiingereza. Ni nani hapo angemtambua mwenye ugumu wa kujifunza? Wote walionekana wazito.

Elimu maalumu nchini Uganda ilikuwa imeanza mapema, lakini mbali nasi, na kwa ulemavu unaoonekana kwa macho. Shule ya wasioona ya Madera, Soroti, ilianza mwaka 1955. Mtoto anayeona na kusikia vizuri, ila hawezi kuunganisha silabi, hakuwa na shule wala jina.

Mabadiliko yalitoka Kyambogo. Mafunzo ya walimu wa elimu maalumu yalianza huko mwishoni mwa miaka ya 1980, na mwaka 1991 ikapatikana taasisi ya taifa ya elimu hiyo, UNISE, ambayo mwaka 2003 iliunganishwa katika Chuo Kikuu cha Kyambogo. Kwa msaada wa Denmark ulianzishwa pia mpango wa EARS wa kupima watoto na kuwahudumia wilayani. Maafisa wake walipewa kundi la shule: wamkague mtoto, wazungumze na mzazi, wamwelekeze mwalimu wa darasa. Kwa maoni yangu hilo ndilo wazo bora tulilowahi kuwa nalo, kwa sababu lilimfuata mtoto alipo badala ya kumpeleka Soroti. Udhaifu wake ulikuwa ukubwa wa kazi yenyewe. Wilaya ya Arua ya wakati ule ilibeba hata Koboko, ambayo ilipata wilaya yake mwaka 2005 tu.

Kisha ikaja Elimu ya Msingi kwa Wote, Januari 1997. Serikali iliahidi kuwalipia watoto wanne wa kila familia, na wenye ulemavu wakapewa kipaumbele. Kwenye karatasi huo ulikuwa ushindi. Darasani, wanafunzi wa shule za msingi nchini waliongezeka kutoka milioni 3 hivi mwaka 1996 hadi zaidi ya milioni 5 mwaka uliofuata, na walimu hawakuongezeka kwa kasi hiyo. Sera ya kumpandisha kila mtoto darasa bila kurudia ikamalizia kazi: asiyejua kusoma alisukumwa hadi darasa la saba, kila mwalimu akimwachia mwenzake.

Mtaala wa mwaka 2007 ulirudisha lugha ya eneo katika madarasa matatu ya kwanza, Kilugbara kwa Arua na Kikakwa kwa Koboko. Wengi huusifu au kuulaumu kwa sababu za utamaduni. Mimi nauona kama kipimo. Mtoto akisimulia hadithi ndefu kwa Kikakwa bila kukwama, kisha akashindwa kusoma sentensi fupi ya Kikakwa hichohicho baada ya miaka mitatu, lugha haiwezi kulaumiwa tena. Hapo mwalimu anaweza kuanza naye peke yake: herufi moja mchangani, vizibo vya soda vya kuhesabia, dakika chache kabla ya wenzake kurudi kutoka mapumziko. Mjini Koboko, ambako Kinubi, Lingala na Kiarabu cha Juba husikika mtaa mmoja, kipimo hiki kina mipaka yake.

Tangu mwisho wa mwaka 2013 historia imegeuka: sasa ni Wasudani Kusini wanaovuka kuja kwetu. Rhino Camp ilijaa upya, Imvepi ikafunguliwa tena mwaka 2017, na Lobule, Koboko, inahifadhi wakimbizi kutoka Kongo. Mtoto Mkakwa wa Yei anaielewa lugha ya mwalimu wa Koboko. Kilichompotea ni miaka. Madarasa ya kuharakisha masomo yanamfaa huyo. Hayamfai mwenye ugumu wa kujifunza, maana yanakwenda kasi zaidi, na huyu anahitaji mwendo wa polepole.

Baraza la mitihani, UNEB, huwapa watahiniwa wenye mahitaji maalumu muda wa ziada, wenye disleksia wakiwemo. Lakini ombi lazima litoke shuleni kwa mtoto, na shule haiwezi kumwombea mtoto ambaye katika miaka saba hakuna mwalimu aliyeandika lolote juu yake.