Mshipi na Fundo Lake

Mshipi wa kuvulia haukatiki mahali popote tu. Hukatika pale palipo dhaifu, na aghalabu mahali hapo ni penye fundo. Wavuvi waliosokota singa za mkia wa farasi walilijua jambo hili, na wavuvi wa leo, ambao mishipi yao imesukwa kwa nyuzi za plastiki nyembamba kuliko unywele wa mtu, wanalijua vilevile. Kila kizazi kiliutia mshipi nguvu mpya, na kila mara udhaifu haukuondoka bali ulihama: ulitoka katika uzi ukaingia katika fundo, ukatoka katika fundo ukaingia katika gurudumu, na pengine ukaangukia vidole vya mvuvi, au riziki ya watu waliokaa mbali kabisa na mto wake.

Kitabu cha kwanza cha Kiingereza juu ya uvuvi wa ndoana kilipigwa chapa Westminster mwaka 1496 na Wynkyn de Worde. Hunasibishwa na mtawa Juliana Berners, ingawa wanazuoni wengi wanatilia shaka kama ndiye aliyekiandika. Mwandishi huyo, awaye yote, alikuwa mtu wa vitendo. Anafundisha kuchagua singa ndefu za mkia wa farasi mweupe, kuzitia rangi zipatane na rangi ya maji, kuzisokota, na kuunga vipande kimoja baada ya kimoja. Kisha anatoa hesabu: kwa samaki mdogo kabisa wa kijitoni singa moja yatosha, kwa trauti mkubwa zatakiwa 12, kwa samoni, 15. Na kwa paiki, samaki wa maji baridi mwenye meno makali, anaagiza uzi mnene uliotiwa waya karibu na ndoana. Tayari hapo limo wazo la kwamba sehemu ya mwisho ya mshipi ina kazi yake peke yake, nayo yaweza kutengenezwa kwa kitu kingine.

Mshipi wa singa ulifungwa kwenye ncha ya ufito, basi. Samaki akikimbia kupita urefu wa mshipi, mvuvi hakuwa na la kumpa. Izaak Walton, ambaye kitabu chake maarufu kilitoka London mwaka 1653, anasimulia dawa ya wakati huo: ufito wote hutupwa mtoni, samaki auburute mpaka achoke, kisha mvuvi aufuate. Ni dawa ya mtu mwenye subira na mto usio na mawe mengi.

Wachina walikuwa wamekwisha kuupata ufumbuzi muda mrefu kabla ya hapo. Katika picha ya Ma Yuan, mchoraji wa enzi ya Song ya Kusini, iliyochorwa karibu na mwaka 1195, mvuvi ameketi peke yake mtumbwini katika ziwa la majira ya baridi, na juu ya ufito wake laonekana wazi gurudumu la kukunjia mshipi. Uingereza gurudumu hilo latajwa na Thomas Barker mwaka 1651, naye Walton akaligusia katika toleo lake la pili la mwaka 1655, akisema kwamba watu wachache walilitumia kwa samoni.

Gurudumu liliubadili mshipi wenyewe. Singa zilizoungwa kwa mafundo mengi hukwama katika pete za ufito, na mshipi unaotoka na kurudi mara elfu watakiwa uwe mrefu, laini na usio na kiungo. Ndipo hariri iliposhika nafasi ya singa, na katika karne ya 19 mishipi bora ikawa ya hariri iliyosukwa na kunyweshwa mafuta ya kitani. Lakini mshipi wa namna hiyo ni mnene, na samaki huuona. Ikawa hapana budi kuugawa: sehemu kubwa ya kusuka ikae juu ya gurudumu, na mwishoni kifungwe kipande cha mbele, chembamba na cha kupenyeka nuru, kinachoshika ndoana. Tangu siku hiyo swali kubwa la mvuvi likawa namna ya kuunganisha vitu viwili visivyofanana.

Kipande hicho kilitafutwa katika vitu vingi. Samuel Pepys aliandika katika shajara yake, Machi 1667, kwamba mwanamuziki mmoja alimweleza juu ya uzi wa utumbo wa mnyama, wa aina itumikayo katika ala za muziki, uliopakwa vanishi usivimbe majini. Yafaa kukumbuka kwamba fundi wa zeze na mvuvi walinunua bidhaa moja. Lakini kitu kilichoshinda vyote kilitoka kwa kiwavi wa hariri, nacho kilitengenezwa hasa Murcia, kusini-mashariki ya Hispania.

Kazi yenyewe haikuwa ya kupendeza. Kiwavi aliachwa ale majani ya mforosadi mpaka siku aliyokuwa tayari kusokota kifukofuko chake. Siku hiyo alitumbukizwa katika siki. Baada ya muda alipasuliwa, na vifuko viwili vyenye hariri mbichi vikatolewa tumboni. Kila kifuko kilishikwa ncha zake mbili na kuvutwa kwa vidole mpaka kikawa uzi mmoja, kisha uzi ukaachwa ukauke. Utando wa nje uliondolewa kwa maji ya moto na sabuni, nyuzi zikasuguliwa, zikachambuliwa kwa unene na kufungwa mafungu. Uzi mmoja haukuzidi sana urefu wa mkono kutoka kiwiko hadi vidoleni, na ule mnene ulionyooka bila kasoro, uliofaa kwa samoni, ulikuwa ghali. Kila uzi ulikuwa kiwavi aliyezuiwa kusokota, na nyuma yake palikuwapo mkulima wa miforosadi, mfugaji wa viwavi na mikono ya wafanyakazi wengi. Muungwana aliyerusha ndoana katika mto wa Scotland alikuwa amefungwa kwa uzi huo na vijiji ambavyo hakuvijua hata kwa jina.

Kwa kuwa nyuzi hizo zilikuwa fupi, kipande cha mbele cha mita 3 kilihitaji kuungwa mara saba au nane, na kila kiungo kilikuwa mlango wa kupotezea samaki. Uzi mkavu wa Murcia huvunjika ukikunjwa, hivyo ulilowekwa kwanza majini mpaka ulainike. Mvuvi aliyeharakisha asubuhi aliilipia haraka yake jioni. Fundo lililofaa zaidi lilikuwa lile ambalo nyuzi mbili hulazwa zikielekeana, kila moja ikauzungusha mwenzake mara kadhaa, na ncha zote mbili zikapitishwa katikati kwa pande zilizo kinyume. Likikazwa, mizunguko hubanana kama kipipa kidogo, wala uzi haukunjwi kwa ghafula mahali popote. A. H. Chaytor alilieleza fundo hilo katika kitabu chake cha mwaka 1910 cha barua kwa wanawe juu ya uvuvi wa samoni, na kwa njia hiyo likaenea kwa wasomaji ambao wasingalifundishwa na mtu.

Wakati huo magurudumu nayo yalikuwa yakibadilika. Mwanzoni mwa karne ya 19 George Snyder, fundi saa wa mji wa Paris katika jimbo la Kentucky, Marekani, alitia meno ya saa ndani ya gurudumu, hata mshiko ukizungushwa mara moja bobini ikazunguka mara kadhaa. Mwaka 1905 Alfred Illingworth, mwenye viwanda vya sufu huko Bradford, alipata hataza ya gurudumu ambalo bobini yake haizunguki kabisa mshipi unapotupwa: uzi huchupa kutoka kichwani mwa bobini kama vile utokavyo katika mitambo ya kusokotea, na husemekana ni mitambo hiyo iliyompa wazo. Sasa hata chambo chepesi kiliweza kutupwa mbali. Hasara yake ni kwamba mshipi hujipota kidogo kila unaporudi, na mshipi uliojipota hujifunga mafundo ambayo hakuna aliyeyakusudia.

Baharini mambo yalikuwa makali zaidi. Tarehe 1 Juni 1898, penye kisiwa cha Catalina mbele ya California, Charles Frederick Holder alimvua kwa ufito jodari wa ratili 183, na mwaka huohuo akaanzisha chama cha wavuvi wa jodari katika mji wa Avalon. Mishipi yao ilikuwa ya kitani kilichosokotwa. Ilihesabiwa kwa idadi ya nyuzi, na kila uzi ulikadiriwa kuhimili ratili 3 ukiwa umelowa, hivyo mshipi wa nyuzi 24 uliaminiwa kwa ratili 72. Kitani huzidi nguvu kikilowa, lakini huoza kikiachwa na chumvi. Kila jioni ilipasa mshipi wote utolewe katika gurudumu, uoshwe kwa maji baridi na kuanikwa. Mbele yake ulifungwa waya wa chuma, maana kitani hakistahimili meno wala mapezi. Gurudumu la siku zile halikuwa na breki ya ndani: mvuvi alibana bobini kwa kipande cha ngozi chini ya dole gumba, na samaki alipokimbia mshiko ulizunguka kinyumenyume kwa kasi ya kuvunja vidole. Ahueni ilikuja kwa William Boschen na mtengenezaji Julius vom Hofe wa Brooklyn, waliotoa gurudumu lenye breki ya visahani, inayokazwa kwa kipande cha umbo la nyota, huku mshiko ukitulia. Mwaka 1913 Boschen alimvua kwa gurudumu hilo nduaro mwenye mdomo wa upanga wa ratili 355.

Halafu ikaja nailoni. Ilivumbuliwa mwaka 1935 na Wallace Carothers na wenzake katika kampuni ya Du Pont, ikatangazwa kwa watu mwaka 1938, na baada ya Vita Kuu ya Pili ikaenea katika kila duka la wavuvi. Uzi mmoja wa nailoni huwa mrefu utakavyo, hauhitaji kulowekwa, hauozi, na bei yake ni ndogo. Katika miaka michache kazi ya Murcia iliyochukua zaidi ya karne moja kujengwa ilikosa wanunuzi. Katika pwani ya Afrika ya Mashariki pia nailoni ilichukua mahali pa mishipi ya pamba, na wazee waliojua kuitunza pamba wakabaki na elimu isiyoulizwa. Na kule kutooza, kulikosifiwa sana, kuna upande wake wa pili: kitani kilichokatikia mwambani kilikwisha chenyewe, bali nailoni hukaa miaka mingi ikinasa kasa na ndege bila mvuvi kuwapo.

Mshipi wa kusuka ulidhaniwa umekwisha kazi, kumbe sivyo. Mwishoni mwa miaka ya 1970 Paul Smith na Piet Lemstra, wa kampuni ya DSM ya Uholanzi, walipata njia ya kuvuta nyuzi za poliethilini hata molekuli zake ndefu mno zikalala sambamba. Kiwanda cha Heerlen kilianza kuzitoa kwa biashara mwaka 1990, na punde zikasukwa kuwa mishipi. Mshipi huo huelea, haunyumbuki ila kidogo sana, na kwa unene uleule huhimili mzigo mara kadhaa kuliko nailoni. Lakini ni mtelezi. Ukikunjwa moja kwa moja juu ya bobini tupu, furushi lote huzunguka peke yake samaki avutapo, na mvuvi hudhani breki imeharibika. Ndiyo sababu huanza kwa kulaza mizunguko michache ya nailoni chini yake. Tena ni lazima ukunjwe ukiwa umevutwa kwa nguvu, ama sivyo mizunguko ya juu hudidimia katika ile ya chini, na siku ya kutupa hukwama ghafula na chambo hukatika na kwenda zake.

Fundo la Chaytor halifai hapa, kwani uzi huu huteleza na kutoka. Na kipande cha mbele, kiwe cha nailoni au cha florokaboni iliyotolewa Japani na kampuni ya Kureha mwaka 1971, bado kinatakiwa, maana mshipi wa kusuka huonekana na hukatwa upesi na jiwe. Wavuvi wa siku hizi wameacha kukunja kipande hicho: hukinyoosha, kisha huuzungusha mshipi juu yake kwa kupishanisha, mara upande huu na mara upande ule, kama asukaye ukili, mpaka mizunguko 20 au zaidi. Kadiri unavyovutwa ndivyo msuko unavyozidi kubana. Mwishoni hufungwa vifundo vidogo vya kuuzuia usifumuke, na kabla ya kukazwa hulowanishwa kwa mate, kwa kuwa poliethilini huyeyuka kwenye joto la nyuzi 145 hivi, na msuguano wa fundo linalokazwa likiwa kavu huweza kuidhoofisha kabla samaki hajaonekana.