Nasaba ya Wakunga wa Hargeisa

Mwaka 2000 hospitali ilikuwa bado inajengwa, lakini darasa lake lilikuwa limekwisha kuanza. Wanafunzi zaidi ya 30 walikuwa wamechaguliwa kujifunza uuguzi wakati mafundi wakiendelea kupandisha kuta kwenye kiwanja kilichokuwa jaa la taka, katika mji wa Hargeisa, Somaliland. Mwenye hospitali, Edna Adan Ismail, alikuwa amevuka miaka 60 na amekwisha kustaafu Shirika la Afya Duniani. Angeweza kungoja paa liezekwe kwanza. Hakungoja, kwa sababu alijua kwamba siku ya kufungua milango hapangekuwa na watu wa kutosha kuvaa sare. Wauguzi na wakunga wenye vyeti waliokuwapo kabla ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, wengine walikufa na wengine walikimbilia ng'ambo.

Wageni wanaofika Hargeisa huonyeshwa jengo. Lakini aliyefuatilia maisha ya Bi Edna toka mwanzo ataona kwamba kazi yake kubwa imekuwa kufundisha, na kwamba majengo aliyajenga ili mafundisho hayo yapate pa kukaa.

Nasaba hii inaanzia kwa baba. Adan Ismail alikuwa tabibu katika Somaliland ya Waingereza, miongoni mwa Wasomali wa mwanzo kabisa kushika kazi hiyo, na mpaka leo wako wanaomtaja kuwa baba wa huduma za afya katika nchi ile. Edna alizaliwa kwake Hargeisa tarehe 8 Septemba 1937. Wakati huo hapakuwa na shule ya wasichana katika himaya nzima. Baba alimweka mwalimu nyumbani awafundishe watoto wa kiume wa jirani, na binti yake akawa anakaa karibu na kusikiliza, mpaka kusoma na kuandika kukamwingia. Baadaye alipelekwa Djibouti, kwa dada wa mama yake, akasoma katika shule ya Kifaransa.

Likizo zilipofika alirudi nyumbani na kumfuata baba kazini. Alikata bandeji, akachemsha na kupanga vyombo, na akawa anamwona baba yake akihangaika na vifaa visivyotosha. Amesimulia mara nyingi kwamba ni hapo, akiwa bado mtoto, alipojiwekea nia ya kujenga hospitali ambayo baba yake angefurahi kufanya kazi ndani yake. Watoto huweka nia nyingi. Hii ilichukua nusu karne kutimia, na kila hatua aliyopiga katikati ilikuwa inaelekea huko hata pale njia ilipoonekana kupotea.

Lakini kabla ya hapo lilimpata jambo jingine. Akiwa na umri wa miaka minane hivi, baba akiwa safarini, alikeketwa kama walivyokeketwa wasichana karibu wote wa nchi yake. Waliopanga shughuli hiyo walikuwa wanawake wa nyumbani mwake mwenyewe, waliompenda na walioamini wanamtendea wema. Baba aliporudi na kupata habari, alikasirika na kusikitika mbele ya binti yake. Bi Edna amesema kwamba hasira ile ya baba ndiyo iliyomfundisha kuwa alilofanyiwa ni kosa. Angekaa miaka mingi kabla ya kulisema hadharani.

Mwaka 1954 alipata nafasi ya masomo Uingereza, msichana wa kwanza wa Kisomali kupata ufadhili wa aina hiyo. Alisoma Borough Polytechnic, London, akajifunza uuguzi kisha ukunga katika hospitali za jiji hilo. Alirudi mwaka 1961, na nchi aliyoikuta haikuwa ile aliyoiacha. Somaliland ilikuwa imepata uhuru tarehe 26 Juni 1960, na siku chache tu baadaye, tarehe 1 Julai, ikaungana na Somalia ya Waitalia. Yeye ndiye aliyekuwa muuguzi na mkunga wa kwanza wa kike mwenye vyeti katika sehemu ile ya nchi. Furaha ya kurudi ilikutana na ukuta, kwani utumishi wa serikali haukuwa na nafasi ya mwanamke wa daraja lake. Alifanya kazi hospitalini kwa miezi mingi bila mshahara, mpaka wakubwa walipokubali kumwandika. Anakumbukwa pia kama mwanamke wa kwanza wa Kisomali kuendesha gari. Katika mji ambao mama mwenye uchungu hungojewa usiku kama mchana, mkunga mwenye gari hufika mapema.

Mwaka 1965 Shirika la Afya Duniani lilimchukua kwenda Libya kufundisha watumishi wa afya. Hapo ndipo ualimu ulipokuwa kazi yake rasmi, naye alikuwa hajafika miaka 30.

Kuna kipindi cha maisha yake ambacho wanahistoria wa siasa hukipenda, nasi tutakipita haraka. Aliolewa na Mohamed Haji Ibrahim Egal, mwanasiasa wa kaskazini, aliyekuwa waziri mkuu wa Somalia mwaka 1967. Mwaka uliofuata walipokewa Ikulu ya Marekani na Rais Lyndon Johnson. Oktoba 1969 rais wa Somalia aliuawa kwa risasi, na baada ya siku sita jeshi likapindua serikali chini ya Mohamed Siad Barre. Egal akatiwa kizuizini, na mkewe naye akazuiwa nyumbani. Baadaye ndoa yao ilivunjika.

Miaka ya 1970 alirudi katika wizara ya afya, Mogadishu, na kuwa miongoni mwa wanawake wa kwanza kupewa madaraka makubwa serikalini. Mwaka 1976 alisimama mbele ya wenzake na kuzungumzia ukeketaji. Ilibidi mtu fulani aanze. Jambo hilo halikuwa likitajwa hata kati ya mama na bintiye, sembuse ukumbini. Mwaka 1979 alikuwa Khartoum katika semina ya Shirika la Afya Duniani juu ya mila zinazodhuru afya ya wanawake na watoto, mojawapo ya mara za kwanza kwa Waafrika na Waarabu wenyewe kuliweka suala hilo mezani kitaalamu.

Hoja yake ilikuwa ya kikunga, na hapo ndipo ilipopata nguvu. Aina ya ukeketaji iliyoenea zaidi kwa Wasomali wa wakati huo, ile wanayoiita ya Kifirauni, hukata na kisha kushona, ikabaki tundu dogo tu. Kovu halitanuki kama ngozi nzima. Siku ya kujifungua, kichwa cha mtoto hufika mlangoni na kukwama. Kama aliye kando ya mama hajui wakati wa kulifungua kovu na namna ya kulifungua, mama hupasuka vibaya, hutokwa damu nyingi, au hukaa na uchungu siku mbili tatu. Mtoto hukosa hewa. Mama akipona, huenda akabaki na fistula, mkojo ukimtoka bila kizuizi, na mume akamwacha. Mkunga aliyefundishwa huyazuia mengi ya hayo kwa mikono yake miwili na vifaa vinavyoenea kwenye sinia. Ndiyo maana Bi Edna hakutenganisha vita dhidi ya ukeketaji na shule ya ukunga, kwa kuwa kwake yote mawili ni uchungu wa mama yule yule.

Katika miaka ya 1980 alianza kujenga hospitali yake Mogadishu. Haikumalizika. Mwaka 1988 ndege za serikali ya Siad Barre ziliruka kutoka uwanja wa Hargeisa wenyewe na kuupiga mji huo kwa mabomu mpaka karibu wote ukawa magofu. Watu walikimbia kwa mamia ya maelfu kuvuka mpaka wa Ethiopia. Ndege moja ya aina hiyo, MiG, imewekwa leo juu ya mnara katikati ya Hargeisa ili watoto wajue. Mogadishu nayo iliangukia vitani baadaye, na hospitali ikapotea pamoja na mengine.

Yeye alikuwa tena kazini na Shirika la Afya Duniani, kwanza kama mshauri wa kanda, kisha tangu 1991 hadi 1997 kama mwakilishi wa shirika nchini Djibouti. Mwaka huo wa 1991 Somaliland ilijitangaza huru, lakini dunia haikuitambua. Nchi ya namna hiyo hata mkopo wa benki kubwa haipati. Kwa hiyo alipostaafu na kurudi Hargeisa, mtaji ulikuwa ni mali yake mwenyewe. Aliuza gari lake aina ya Mercedes, akauza vito vyake, akatia na mafao yake ya uzeeni. Serikali ilimpa kiwanja, lile jaa. Fedha zilipopungua, watu wa kawaida kutoka Marekani waliosoma habari zake gazetini walijikusanya wakachangia. Akaishi humo humo hospitalini, na anaishi humo mpaka leo.

Hospitali ilifunguliwa tarehe 9 Machi 2002. Wale wanafunzi wa kwanza walikuwa tayari.

Inafaa kueleza shule hii inamfundisha nini msichana anayetoka kijijini, maana uhai wa mama hutegemea mambo madogo madogo. Hujifunza kupima presha ya mjamzito na kutambua dalili za kifafa cha mimba kabla hakijampiga. Hujifunza kujaza chati ya uchungu, saa kwa saa, ili ajue lini kujifungua kumechelewa na lini gari liitwe. Mtoto akishazaliwa, hujua kumchoma mama sindano ya kuzuia damu, na kondo la nyuma likitoka, kulikagua kama limekamilika na kulikanda tumbo la uzazi. Mtoto asiyelia hujua kumkausha, kumsugua na kumpa pumzi kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Na kwa sababu ya nchi aliyozaliwa, hujifunza pia kumzalisha mama aliyeshonwa, na kutokubali kumshona tena baada ya kujifungua hata akiombwa na ndugu.

Kwa Kisomali mzalishaji huitwa umuliso, na kila kijiji kimekuwa naye tangu zamani, mama mtu mzima anayeheshimiwa. Bi Edna hakuwadharau wazee hao; walikuwa peke yao pale ambapo hapakuwa na mtu mwingine. Alichofanya ni kuweka lengo la wakunga 1,000 waliofundishwa kikamilifu, watawanyike nchi nzima. Palianzishwa kozi ya wakunga wa jamii, inayochukua wasichana kutoka mikoani na kuwarudisha makwao kufanya kazi. Mkunga anayezalisha watu wanaomjua baba yake na babu yake huitwa mapema, wala hangojwi mpaka mambo yameharibika.

Shule hiyo ikawa pia mahali pa kuhesabu. Kati ya 2002 na 2006 wakunga waliwachunguza wajawazito 4,000 waliofika kliniki na kuandika hali ya kila mmoja. Asilimia 97 walikuwa wamekeketwa. Tangu hapo hakuna aliyeweza kusema kwamba ni mambo ya vijijini au ya watu wachache. Februari 2018 wizara ya dini ya Somaliland ilitoa fatwa ya kuharamisha aina mbili kali za ukeketaji. Fatwa haikugusa aina zote, na Bi Edna ameendelea kudai kwamba zote zikome. Amekuwa akitaja pia nafasi ya akina baba katika jambo hili. Kwake si nadharia, kwani alimwona wa kwake akikasirika.

Siasa ilimfuata tena. Mwaka 2002 alikuwa waziri wa ustawi wa familia, kisha kuanzia 2003 hadi 2006 waziri wa mambo ya nje wa nchi ambayo kazi kubwa ya waziri huyo ilikuwa kuomba itambuliwe. Aliibeba kazi hiyo huku hospitali ikiendelea. Kituo kile cha mafunzo kilikua kikawa chuo kikuu kinachobeba jina lake. Mwaka 2023 alitunukiwa Tuzo ya Templeton, yenye thamani ya zaidi ya dola milioni moja, akiwa na miaka 85. Hospitali inaeleza kwamba vifo vya akina mama wanaojifungulia hapo vimeshuka hadi robo ya wastani wa nchi.

Wastani wenyewe bado unatisha. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2020 ulikadiria vifo vya akina mama kuwa karibu 400 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai. Sehemu ya sababu ni umbali na barabara. Sehemu nyingine iko kwenye karatasi ya ridhaa. Kwa desturi, mwanamke anayehitaji kupasuliwa ili mtoto atoke hungojea sahihi ya mume au ya wanaume wa ukoo, na mara nyingine wako mbali, au wamekaa kikao na hawajaafikiana. Mkunga aliyehitimu juzi, mwenye umri wa miaka 22, ndiye anayepaswa kusimama mbele ya wazee hao na kuwaeleza kwa adabu, bila kupepesa macho, zimebaki dakika ngapi. Somo hilo halimo katika vitabu vya London alivyosoma Edna Adan. Wanafunzi wake wanalipata wodini, kwa wahitimu waliowatangulia, ambao sasa wengine wamekuwa wakufunzi wao.