Latitudo Kwanza, au Longitudo?

Umoja, mtaa wa Eastlands jijini Nairobi, iko karibu na latitudo -1.28 na longitudo 36.89. Zipange namba hizo kinyume, na maghorofa, mageti na vibanda vya soko la Mutindwa vyote vinazama katika Mediterania, baina ya Uhispania na Algeria. Programu ya ramani hainung'uniki. Tokyo ingeokolewa na longitudo yake, 139, maana latitudo haipiti 90. Kwetu, kuanzia Kigoma hadi Mombasa, longitudo ni kati ya 29 na 40 tu, kwa hiyo kosa hupita kimyakimya.

Zinagongana desturi mbili, na kila moja ina haki yake. Mabaharia hutanguliza latitudo, ambayo waliipima kwa kimo cha nyota karne nyingi kabla ya kupata saa ya kuwapa longitudo. Wanahisabati huanza na x, mhimili mlalo, ndipo waje kwa y, mhimili wima. Na kwenye ramani x ndiyo longitudo. Orodha ya EPSG, inayoipa kila mifumo ya ramani namba yake, katika namba yake maarufu 4326, iko upande wa mabaharia. GeoJSON, muundo wa data za ramani uliofanywa kiwango rasmi na IETF, shirika la viwango vya intaneti, mwaka 2016, uko upande wa wanahisabati. Google yenyewe ina miguu pande zote mbili: ramani zake hutanguliza latitudo, ilhali faili za KML za Google Earth hutanguliza longitudo. Mtu wa boda akikwambia "nitumie lokesheni", pini inamfichia ugomvi huo wote.

Kiswahili kimetupa majiranukta, istilahi ninayoipenda kwa sababu majira, zaidi ya kuwa msimu, ni pia njia ya chombo baharini. Harufu ya chumvi hiyo ingenifanya nitarajie latitudo mbele. Lakini istilahi haiagizi lolote kuhusu mpangilio, na mwandishi wa mwongozo anayeandika "weka majiranukta hapa" hajamwambia msomaji kitu. Aandike latitudo, aandike longitudo, kila moja na kisanduku chake.

Waliochora njia za matatu za Nairobi katika mradi wa Digital Matatus, ramani yao ikatoka 2014, walitumia GTFS, muundo wa data za usafiri wa umma. Humo kila kituo kina safu iitwayo stop_lat na nyingine iitwayo stop_lon, na programu husoma jina la safu, haijali ipi imetangulia. Hamisha safu utakavyo. Matatu namba 58 bado itafika Buruburu.