Kabla ya Excel kulikuwa na ubao

Haya wasomaji wangu, leo naiweka siasa pembeni. Nataka tuongee habari za walimu na kompyuta. Ila mnanijua, siwezi kuongelea kitu bila kuuliza kwanza kilitoka wapi, kwa hiyo vumilieni historia kidogo. Vidokezo vya kazi vipo, msiwe na wasiwasi, nimevipanga mwishoni.

Tuanze na swali. Ile programu ya majedwali, ambayo wahasibu na watu wa benki hawawezi kukaa siku moja bila kuifungua, wazo lake lilizaliwa wapi? Wengi mtasema benki. Wengine mtasema jeshini, maana tumezoea kuambiwa kwamba kila kitu cha kompyuta kimetoka jeshini. Jibu ni darasani. Tena mbele ya ubao wa chaki!

Mwaka 1978 kijana mmoja, Dan Bricklin, alikuwa mwanafunzi wa biashara katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani. Profesa alikuwa anachora jedwali la hesabu ubaoni, mistari na safu, kila namba ikitegemea nyingine. Ikionekana namba moja imekosewa au inatakiwa kubadilishwa, basi kazi imeanza upya: futa, kokotoa, andika, kisha nenda mstari unaofuata, futa tena. Mwalimu yeyote anayesoma hapa anaijua adha hiyo. Bricklin akajiuliza, je, kama ubao ungeweza kujifuta na kujikokotoa wenyewe?

Akamtafuta rafiki yake Bob Frankston, wakaandika programu wakaiita VisiCalc. Ilitoka mwaka 1979 kwa ajili ya kompyuta ya Apple II. Watu ambao hawakuwa na haja yoyote na kompyuta wakaanza kununua kompyuta ili waipate VisiCalc. Wenyewe hawakuwa na hataza ya wazo hilo, na wengine wakalichukua wakalikuza: Lotus 1-2-3 mwaka 1983, Excel mwaka 1985. Majina yamebadilika, lakini kitu ni kile kile. Ni ubao unaojikokotoa.

Sasa angalia jambo lingine. Tunaposema "kopi na kubandika" tunadhani ni maneno tu. Zamani mhariri alikuwa na mkasi na gundi kweli kweli! Anakata aya kwenye karatasi, anaibandika mahali pengine, ukurasa unapelekwa kuchapwa upya. Sisi wa magazeti tumesimuliwa sana habari hizo na wazee wetu wa chumba cha habari. Katikati ya miaka ya 1970, Larry Tesler na Tim Mott wa kituo cha utafiti cha Xerox, California, walitengeneza programu ya kuandikia iliyoitwa Gypsy, ambayo mtu aliweza kukata na kubandika maneno kwenye skrini. Walioandaliwa programu hiyo walikuwa wahariri wa Ginn, kampuni ya kuchapisha vitabu vya shule. Kwa hiyo Ctrl+C na Ctrl+V nazo zina harufu ya darasa.

Turudi nyuma zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 kompyuta ilikuwa mali ya wanasayansi wachache. Unatoboa kadi zako, unamkabidhi fundi, unasubiri majibu saa nyingi au mpaka kesho. Walimu wawili wa hisabati katika chuo cha Dartmouth, John Kemeny na Thomas Kurtz, waliona hilo halifai. Walitaka hata mwanafunzi wa historia au fasihi aweze kukaa mbele ya mashine na kuitumia. Alfajiri ya tarehe 1 Mei 1964 lugha yao ya BASIC iliendeshwa kwa mara ya kwanza, ikiwa na amri fupi kama PRINT na LET, na mfumo uliowawezesha watu wengi kutumia kompyuta moja kwa wakati mmoja. Miaka mitatu baadaye, 1967, ikaja Logo, lugha ya kompyuta ya watoto. Mmoja wa walioitengeneza ni Seymour Papert, mzaliwa wa Pretoria, Afrika Kusini. Mtoto alikuwa anamwamuru kobe atembee na kuchora pembetatu au mraba, na katika kucheza huko anajifunza jometri. Kobe, bwana! Huyo huyo mjanja wa hadithi zetu.

Unaona ninakoelekea? Hao wote hawakuanza na mashine. Walianza na shida ya mwalimu, mwanafunzi au mhariri wa kitabu cha shule, halafu ndipo mashine ikaitwa kuja kusaidia.

Na kwetu je?

Serikali ya Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza mwaka 1965, Wizara ya Fedha. Mambo hayakwenda vizuri, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Watu wengi wa rika langu wakisikia habari hiyo hucheka. Mimi naona si ya kucheka tu. Fedha za kigeni zilikuwa haba, mitambo ilikuwa ghali, na anayeijua alikuwa mgeni. Marufuku ile ililegea polepole katika miaka iliyofuata.

Lakini shika mwaka huo, 1974. Ni mwaka huo huo, mwezi Novemba, TANU ilipopitisha Azimio la Musoma, lililotaka elimu ya msingi kwa watoto wote ifikiwe ifikapo mwaka 1977. Watoto wakamiminika shuleni. Kwa maneno mengine, mwaka ule ule tulioifungia mlango mashine ya kukokotoa, tulimwongezea mwalimu vichwa vya kukokotolewa. Wakati VisiCalc inaingia madukani Marekani mwaka 1979, sisi tulikuwa ndiyo kwanza tumetoka vitani na Idi Amin, na mwalimu wa Tanzania alikuwa na kalamu, rula na daftari la mahudhurio.

Historia hiyo imejirudia. Ada ya shule za msingi ilifutwa mwanzoni mwa miaka ya 2000, madarasa yakafurika. Zikaja shule za sekondari za kata. Mwaka 2016 ada ikaondolewa mpaka kidato cha nne, yakafurika tena. Ni mambo mema, mimi mwenyewe nayaunga mkono. Ila nani aliyehesabu alama za watoto hao wote? Chukua darasa moja la wanafunzi 90 wenye masomo 9. Hizo ni alama 810. Mwalimu wa taaluma anatakiwa azijumlishe, apate wastani wa kila mtoto, apange nafasi ya kwanza hadi ya 90, aandike mkeka, kisha ajaze ripoti za wazazi. Akigundua alama moja imekosewa, nafasi za watoto kadhaa zinabadilika. Huyo ni profesa wa Harvard wa mwaka 1978 kabisa, tofauti ni kwamba hana Bricklin.

Si kwamba kompyuta hazikuletwa. Desemba 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao wa Uswidi walitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, jedwali likiwemo, tena bure. Kuanzia mwaka 2005 vyuo vya ualimu vya serikali vilianza kupata kompyuta kwa msaada wa Sida, shirika la maendeleo la Uswidi. Mwaka 2009 mkonga wa SEACOM ulifika Dar es Salaam. Majirani nao hawakulala. Rwanda ilianza mpango wa kompyuta ndogo za watoto mwaka 2008, na Kenya mwaka 2013 wanasiasa waliahidi kila mtoto wa darasa la kwanza laptop, ahadi ambayo ilipita mahakamani na kwenye mabishano ya zabuni hadi ikageuka mradi wa vishikwambi mwaka 2016. Na hapa kwetu, vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya Agosti 2022 viligawiwa walimu, karibu 300,000 kwa ujumla.

Tatizo ni kwamba mara nyingi tunaanza na kifaa. Kifaa kinakuja, kinapigwa picha (sisi wa habari ndio wapigaji!), mgeni rasmi anaondoka, basi. Shule moja niliyopita kikazi, sitaitaja, ilikuwa na kompyuta sita zimefunikwa vitambaa vizuri katika chumba chenye kufuli. Mwalimu wa taaluma alikuwa chumba cha pili, na kalkuleta na wino mwekundu, anajumlisha alama za kidato cha pili. Nilipomuuliza akaniambia, "Zile ni za kufundishia kompyuta, kijana wangu." Yaani hazikuwa za kazi yake! Jibu hilo sijalisahau. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mashine zile, kwa asili yake, zilitengenezewa karaha kama ile aliyokuwa nayo mkononi.

Kwa hiyo, mwalimu wangu, kama una kishikwambi au umeipata laptop kwa mkopo, usianze na mambo makubwa. Anza na mkeka. Fanya hivi:

Kwanza, safu A andika majina, B mpaka J weka masomo tisa. Usijumlishe kwa kalkuleta halafu ukaandika jibu, utakuwa umegeuza kompyuta kuwa karatasi. Safu K, mstari wa pili, andika =SUM(B2:J2). Safu L andika =AVERAGE(B2:J2). Kisha buruta kona ya kisanduku kushuka chini mpaka mwanafunzi wa mwisho. Alama ikibadilika, jumla na wastani vinabadilika vyenyewe.

Pili, nafasi. Safu M andika =RANK(K2,K$2:K$91). Ile alama ya dola si ya fedha! Inaiambia programu isisogeze mipaka ya darasa unapoburuta kushuka. Ukiisahau, mtoto wa chini atalinganishwa na wachache waliobaki, na utashangaa wote wamekuwa wa kwanza na wa pili. Wakifungana, watapewa nafasi moja na inayofuata itarukwa, kama mnavyofanya kwenye mkeka wa mkono.

Tatu, mtoto ambaye hakufanya mtihani mwachie kisanduku kitupu. Sifuri ni alama, na wastani utaihesabu. Kisanduku kitupu hakihesabiwi. Mtoto aliyeugua na mtoto aliyepata sifuri ni watu wawili tofauti.

Nne, weka pembeni =MAX(B2:J91). Ikikuonyesha 670, ujue kidole kiliteleza ulipokuwa unaandika 67.

Tano, jina la faili liwe na darasa, muhula na mwaka. "Matokeo mpya", "matokeo mpya 2" na "matokeo mpya ya mwisho kabisa" zitakuja kukuaibisha siku ya kikao cha wazazi. Nakala moja weka kwenye flashi, nyingine jitumie kwa barua pepe. Umeme ukikatika, flashi ikiingia virusi vya duka la stesheni, kazi yako ipo. Na zoea Ctrl+S kila baada ya dakika chache, na Ctrl+Z unapofuta kitu kwa bahati mbaya.

Sita, kuhusu projekta. PowerPoint ilitoka mwaka 1987, na kazi yake ya mwanzo ilikuwa kuwatayarishia watu wa maofisini karatasi angavu za mikutano. Haikuzaliwa darasani kama jedwali, na inaonekana! Ukihamisha kitabu kizima kwenye slaidi watoto watanakili bila kufikiri. Weka picha, ramani, mchoro wa moyo, maneno machache. Mfano wa hesabu ufanye kwa chaki, waone hatua zikizaliwa mkononi mwako.

Hayo yote unaweza kuyajua kwa jioni mbili tatu, na wala huhitaji cheti cha miezi sita. Mwenda pole hajikwai. Muhula wa kwanza fanya darasa moja, huku mkeka wa mkono ukiwepo pembeni ulinganishe. Vikilingana, muhula unaofuata mfundishe mwenzako mmoja wa ofisini.

Na ninyi wakuu wa shule, nawaomba kitu kimoja tu. Ule ufunguo wa chumba cha kompyuta, mpeni na mwalimu wa taaluma nakala yake.