Pugi Wawili wa Nakuru: Yupi ni Yupi?

Ukiona njiwa mdogo akidonoa mbegu ardhini, mtazame kifua kabla hajaruka.

Pugi wa msituni (*Turtur tympanistria*)
Dume ana uso na kifua cheupe pe. Jike ni wa kijivujivu. Hupenda kivuli cha miti ya kando ya mito, na mbegu za mbarika ni chakula chake. Yupo pia Pemba na Visiwa vya Komoro.

Pugi wa vichakani (*Turtur chalcospilos*)
Kifua chake ni cha waridi iliyopauka, na bawani ana madoa ya kijani yanayometameta. Huyu huvumilia ukavu wa vichaka vya migunga. Mlio wake huanza taratibu, kisha hushuka na kuharakisha.

Wakiruka, wote wawili huonyesha mabawa yenye rangi ya kutu. Tembea polepole, na usiwatupie chakula.