Kipokezi Kimoja, Tabia Nyingi: Hoja Kuhusu Utafiti wa Bangi na Kemikali Zinazoiiga
Swali la bangi inaufanyia nini ubongo hujibiwa kwa kawaida kwa njia mbili: inaharibu akili, au haina neno. Majibu haya yanayogombana yana kosa moja. Yote yanachukulia kwamba kila kinachofanana na bangi hutenda kazi kama bangi. Ushahidi uliokusanywa tangu miaka ya 1960 unanilazimu kushika msimamo mwingine: kemikali mbili zinaweza kugusa kipokezi kilekile na bado zikaleta tabia tofauti kabisa. Kwa hiyo kila moja ichunguzwe peke yake, na binadamu aulizwe anavyojisikia.

Mwaka 1964, nchini Israeli, Raphael Mechoulam na Yechiel Gaoni walitenga THC, kiini cha ulevi wa bangi. Mahali inaposhika hapakujulikana hadi 1988, Allyn Howlett na William Devane walipoonyesha kipokezi tunachokiita sasa CB1 katika ubongo wa panya. Ramani aliyoichora Miles Herkenham na wenzake miaka miwili baadaye ilifafanua mengi. Vipokezi hivyo vimejaa kwenye sehemu za kumbukumbu na za kuratibu mwendo, lakini ni haba kwenye shina la ubongo linaloendesha pumzi. Ndiyo maana mvutaji husahau alichokuwa akisema huku pumzi yake ikienda sawa, tofauti na aliyezidisha heroini. Mwaka 1992 ikabainika kwamba ubongo wenyewe hutengeneza anandamidi, inayoshika palepale. Kazi kubwa ya mfumo huu ni kutuliza: seli inayopokea ujumbe hurudisha kemikali kwa seli iliyoutuma, ili ipunguze kasi. THC huingilia kila mahali, bila kujali ni seli ipi iliyohitaji kutulizwa.

Maabarani, kipimo kilichotegemewa kwa miaka mingi ni cha dalili nne, kilichoenezwa na Billy Martin wa Virginia. Panya hudungwa sindano ya kemikali inayochunguzwa, kisha joto la mwili wake hupimwa. Huwekwa juu ya bamba lenye moto kuona atachelewa kiasi gani kuinua mguu, na huachwa ndani ya boksi ili mizunguko yake ihesabiwe. Mwisho, miguu yake ya mbele huegeshwa juu ya kijiti, na mtafiti hushika saa. Panya mzima hushuka mara moja; aliyepewa THC hubaki ameganda. Kipimo hiki ni kizuri kwa kutambua kemikali inayoamsha CB1, ila hakisemi lolote kuhusu huzuni.

Gharama ya pengo hilo ilibebwa na watu wanene wa Ulaya. Kwa kuwa bangi huamsha njaa, kampuni ya Sanofi-Aventis ilileta rimonabanti, dawa inayoziba CB1, ikaruhusiwa mwaka 2006. Uchambuzi wa majaribio manne yenye washiriki 4,105, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2007, ulikuta kwamba walioitumia walipungua kilo 4.7 zaidi ya waliopewa dawa bandia. Lakini pia walikuwa na uwezekano mara 2.5 wa kuacha matibabu kwa sababu ya sonona, ingawa majaribio hayo yalikuwa yamewaacha nje wenye sonona tangu mwanzo. Mwaka 2008 dawa ikaondolewa sokoni. Sioni somo zito kuliko hili katika nyanja nzima: njia iliyolengwa kwa ajili ya njaa ndiyo hiyohiyo inayobeba furaha ya mtu.

Upande wa pili ziko kemikali za kuiga bangi. John W. Huffman wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, alitengeneza nyingi kati yake ili kukichunguza kipokezi. JWH-018 imebeba herufi za jina lake. Mwaka 2008 ilikutwa Ujerumani na Austria, imenyunyiziwa kwenye majani makavu yaliyouzwa kwa jina la Spice. THC hukiamsha CB1 nusunusu. Hizi hukiamsha kikamilifu. Julai 2016 huko Brooklyn, New York, watu 33 walipigwa na bumbuwazi, macho yamewatoka, wakiguna na kujikokota. Kilichowafika ni AMB-FUBINACA, kemikali nyingine ya kuiga bangi, yenye nguvu mara 85 ya THC. Anayeijua bangi ya shambani pekee asingeweza kuitabiri hali ile.

Afrika haiko mbali na haya. Aprili 2024 Rais wa Sierra Leone, Julius Maada Bio, alitangaza hali ya dharura kwa sababu ya dawa ya kulevya iitwayo kush. Vipimo vya kemia vilikuta kanabinoidi za kutengenezwa, yaani hizo kemikali za kuiga bangi, katika baadhi ya sampuli, na katika nyingine nitazini, jamii ya afyuni inayozima pumzi. Kijana anapofikishwa katika hospitali ya akili, iwe Mirembe, Dodoma, au Mathari, Nairobi, akiwa amepotewa na fahamu zake, kuandika “alivuta bangi” kwenye faili hakutoshi. Mkojo wake na mabaki ya alichovuta vipelekwe kwa Mkemia Mkuu wa Serikali, jina la kemikali lirudi kwenye faili hilohilo, pamoja na maelezo yake mwenyewe atakapoweza kuzungumza. Nalokisoni, inayomrudishia pumzi aliyezidiwa na nitazini, haimtibu aliyezidiwa na kanabinoidi.