Kipeuo cha pili: namna ya kukirahisisha katika hesabu ya kiwanja

Kiwanja kina metre 20 kwa 30. Masoni anataka kujua kamba itakayotoka pembe moja mpaka pembe inayoelekeana nayo itakuwa na metre ngapi. Swali kama hili linarudi mara nyingi katika masomo ya sekondari, na jibu lake linapitia kipeuo cha pili, ile wanafunzi wanazoea kuita racine carrée.

Kuandika hesabu. Kamba inakata kiwanja kuwa pembetatu mbili. Kwa kanuni ya Pythagore, urefu wa kamba mara urefu huo huo ni 20×20 + 30×30, ni kusema 400 + 900 = 1300. Basi kamba ni √1300.

Kosa la kila siku. Wengi wanatoa kipeuo cha kila namba peke yake: 20 + 30 = 50. Lakini metre 50 ni njia ya mtu anayezunguka kandokando ya kiwanja. Anayekata katikati hawezi kutembea sawa na yeye. Vipeuo vinatenganishwa kwenye kuzidisha, hapana kwenye kujumlisha.

Kurahisisha. Tafuta ndani ya 1300 namba kama 4, 9, 16, 25, 36, 49 ao 100, zile zinazotoka kwa namba kuzidishwa na yenyewe. 1300 ni 100×13. Kipeuo cha 100 ni 10, kinatoka inje. 13 inabaki ndani. Jibu: 10√13. Mwenye kuanza na 4 anapata 2√325, kisha 325 ni 25×13, anafika palepale.

Faida yake. Masoni anapima kamba mbili ili kuhakikisha pembe. Zote pamoja ni 10√13 + 10√13 = 20√13, bila kuanza upya.

Kubadilisha kuwa metre kunafanywa mwishoni. √13 ni karibu 3,606, basi kamba moja ni metre 36,06. Mwenye kukata mapema na kuandika 3,6 anapata 36 kamili. Hizo sentimetre 6 zinaonekana kidogo, lakini zinapindisha pembe, na ncha ya ukuta wa metre 30 inahama karibu sentimetre 10. Pale viwanja vinapobanana, hiyo inatosha kuleta maneno na jirani.